Jinsi ya kufanya mradi wako mwenyewe wa mawasiliano ya mitindo hapa Nairobi

Muhula ukifika wiki ya pili, wanafunzi wa mitindo huanza kunitafuta wakiwa na daftari jipya na mada kubwa ajabu. "Mitindo endelevu barani Afrika." "Mavazi na utambulisho wa vijana." Mwalimu amewaambia wachague wenyewe, na uhuru huo umewalemea kuliko mtihani wowote. Nimeisimamia miradi ya namna hii kwa miaka kadhaa. Mwongozo huu ni wa yule aliyeachiwa wiki 12, simu na nauli ya kubanabana, na hajui aanzie wapi.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Mbunifu anaweza kumaliza kazi yake nguo ikishakatwa uzi wa mwisho. Yako inaanzia hapo: kulifanya vazi limfikie mtu ambaye hajalivaa, kwa picha, maandishi, sauti, video, maonyesho au kijarida. Ukitaka kuona jambo hili lilivyo la zamani kwetu, pita Biashara Street, ingia duka lolote la leso, utazame akina mama wanavyonunua. Leso ina pindo (ukingo), ina mji (sehemu ya katikati), na ina jina (maneno yaliyochapwa juu yake). Wengi husoma jina kabla ya kuuliza bei, kwa sababu leso hiyo itampelekea mtu ujumbe: mkwe, jirani, mume. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa limekuwa kwenye biashara hii tangu 1887, na alama yake, "Mali ya Abdulla", bado inachapwa ukingoni mwa kitambaa. Hayo ni mawasiliano ya mitindo yaliyokomaa, na yalikuwepo kabla ya kozi yoyote kupewa jina hilo.

Hatua ya 1: Punguza mada mpaka uweze kuifikia kwa miguu

Hapa nitakaa kidogo, maana miradi mingi hufia hapa.

Mwanafunzi mmoja alinijia na ile mada ya mitindo endelevu. Alikuwa amesoma mengi: maji yanayotumika kukuza pamba, Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo lililoanguka Bangladesh mwaka 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100. Yote kweli, yote mazito, na yote yako mbali na mkono wake. Nikamwambia aende Gikomba, amtafute fundi mmoja wa kupunguza nguo za mitumba, akae naye asubuhi tatu bila kupiga picha hata moja.

Asubuhi ya tatu fundi alikuwa na koti la sufu la mvulana. Aliligeuza ndani nje, akapitisha chaki ya bluu kutoka kwapani hadi kiunoni, akashika wembe na kuanza kufumua bitana. Nyuma ya ukosi palikuwa na utepe mweupe ulioshonwa kwa mkono, na juu yake jina la mtoto limefumwa kwa uzi mwekundu. Mama wa mtoto huyo, huko ng'ambo, alilishona ili koti lisipotee shuleni. Fundi alikata nyuzi moja baada ya nyingine, akautoa utepe bila kuuchana, akautia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo uliokuwa chini ya cherehani. Mkebe ulikuwa umejaa nusu.

"Jina la mwenyewe siwezi kumuuzia mtu," alisema. "Koti likitoka hapa, liwe lake."

Mwanafunzi alirudi kwangu mada yake ikiwa imebadilika kabisa. Sasa alikuwa na swali: majina yaliyoshonwa kwenye mitumba huenda wapi nguo inapopata mwenyewe mpya? Swali hilo lina fundi, lina mkebe, lina mahali. Ukilifuata, lile la mitindo endelevu utalikuta njiani bila kulitangaza.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika mada yako kubwa juu ya karatasi. Chini yake andika mahali pamoja unapoweza kufika kwa matatu moja au kwa miguu. Chini ya mahali andika kazi moja inayofanyika pale, na chini ya kazi, kitu kimoja kinachoshikika. Ukishindwa kufika kwenye kitu, bado hujatembea vya kutosha. Rudi ukatembee.

Nairobi haikosi mahali. Uhuru Market, Jogoo Road, mafundi hushona kwa pamoja katika vibanda vilivyobanana. Kariokor, soko lililobeba jina la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kuna akala, viatu vya ngozi na viondo. Islii utapata dera, baati na hijabu za kila rangi, na wauzaji wanaojua ni rangi gani itauzika mwezi wa Ramadhani. Toi kuna wachuuzi wanaopanga nguo kwa jicho ambalo stailisti wengi wangelitamani. Na ukisikia wachuuzi wakisema "kamera", wanamaanisha nguo za kwanza kabisa kuchaguliwa robota linapofunguliwa. "Fagia" ni zile zilizobaki mwisho. Maneno hayo mawili peke yake yanatosha kuwa mradi.

Hatua ya 2: Jiandikie masharti

Mradi ulioagizwa na mwalimu huja na masharti. Wako hauna, na usipojiwekea mwenyewe utatambaa kila upande hadi wiki ya 11. Andika ukurasa mmoja, usizidi. Uwe na swali lako kwa sentensi moja, msomaji unayemlenga (mtaje kwa kazi na umri, "watu wote" si msomaji), umbo la kazi, mambo ambayo hutayagusa, tarehe tatu, na jinsi utakavyojua umefaulu.

Yule mwanafunzi wa mkebe aliandika hivi: "Kijarida cha kurasa 20, ukubwa wa A5, nakala 30. Msomaji ni mtu wa miaka 20 hadi 35 anayevaa mitumba kila siku na hajawahi kumwona fundi akifanya kazi. Sitagusa siasa ya ushuru. Sitatumia mwanamitindo. Nimefaulu ikiwa fundi mwenyewe atasoma na kusema ni kweli." Sentensi ya mwisho ndiyo iliyobeba mradi mzima.

Sehemu ya "sitagusa" usiiruke. Wengi huiona kama ukosefu wa ari. Mimi naiona kama ukuta wa nyumba: bila huo huna chumba.

Hatua ya 3: Soma kabla ya kutoa kamera

Tenga wiki moja, si zaidi. Nenda Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue, ujisajili kama msomaji. Orofa ya chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, mtu wa pili kuwa makamu wa rais wa Kenya, na ndani yake mna vitambaa na mapambo ya sehemu nyingi za Afrika. Mwaka 1972 yeye na Alan Donovan walianzisha African Heritage hapa Nairobi, nyumba ya sanaa iliyokuja kupeleka maonyesho ya mavazi ya Kiafrika hadi ng'ambo, na wanamuziki na wanamitindo wakisafiri pamoja. Maktaba ya McMillan, Banda Street, iliyofunguliwa 1931, nayo ina magazeti ya zamani. Piga simu kwanza uulize ni sehemu gani ziko wazi.

Unatafuta nini? Jinsi nguo ilivyozungumziwa. Matangazo ya vitambaa, barua za wasomaji wakilalamikia sketi fupi, picha za harusi. Tazama pia yaliyoshindikana. Mwaka 2004 palifanyika juhudi kubwa ya kubuni vazi la taifa la Kenya. Vazi lilibuniwa, likazinduliwa, likapigwa picha, na wananchi hawakulivaa. Kwa mwanafunzi wa mawasiliano, kisa hicho kina mafunzo kuliko fulana za mbio na jezi zote tunazovaa kwa hiari, kwa sababu kinakulazimisha kuuliza nani aliambiwa, nani aliulizwa, na kwa lugha gani.

Soma pia walioko kazini sasa. KikoRomeo, iliyoanzishwa na Ann McCreath mwaka 1996 na ambayo sasa inaongozwa kiubunifu na binti yake Iona, ina miaka mingi ya picha na maandishi unayoweza kuyapanga kwa mfuatano, uone jinsi nyumba moja ilivyobadilisha namna ya kujieleza.

Hatua ya 4: Ingia kwa adabu

Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Mgeni anayezungukazunguka vichochoro akipiga picha paa na nguzo anatia watu hofu, na wana haki ya kuogopa. Kabla ya yote, mwone mwenyekiti wa sehemu hiyo ya soko, ujieleze, uonyeshe kitambulisho cha chuo. Kisha nenda kwa mtu wako, asubuhi kabla wateja hawajajaa.

"Fundi, habari ya kazi?"

"Nzuri, mwanangu. Umeleta nguo?"

"Hapana, fundi. Mimi ni mwanafunzi, nasomea mambo ya mitindo. Naomba nikae hapa kidogo nione unavyopunguza koti. Leo sina kamera."

"Kaa. Lakini usinizibie mwanga."

Maneno "leo sina kamera" yamefungua vibanda vingi kuliko barua yoyote ya chuo niliyowahi kusaini. Siku ya pili peleka nguo yako halisi ipunguzwe, na ulipe bei ya kila mteja. Ukiwa mteja unaona kazi kwa upande mwingine.

Idhini ya picha iombwe mara mbili: kabla ya kupiga, na tena ukiwa na kurasa mkononi, mtu akiona atakavyotokea. Andika kwa Kiswahili chepesi, mistari mitano: jina lako, chuo, picha zitatumika wapi, kwamba anaweza kubadili nia, na nambari ya kukupata. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kujua picha yake inafanya kazi gani na haki ya kuondoa idhini. Mtoto hapigwi picha bila mzazi kukubali. Mwanafunzi wa mkebe alikumbana na swali gumu zaidi: yale majina kwenye tepe ni ya watu halisi. Aliyapiga picha kidole gumba cha fundi kikiwa kimefunika jina la ukoo. Hizo ndizo picha nzuri kuliko zote katika kijarida kile, na zilitokana na heshima.

Usiahidi malipo usiyoweza kutoa, wala usimwambie mtu "nitakutangaza". Mwahidi nakala iliyochapwa, umletee.

Hatua ya 5: Picha

Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa hiyo hiyo jioni, mwaka mzima. Saa sita mchana liko utosini, macho ya watu yanageuka mashimo. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mwezi wa Julai ni neema: mawingu hutanda siku nzima na mwanga unakuwa laini kama umepitishwa kwenye shashi. Ndani ya kibanda, mabati yaliyofunguliwa upande mmoja yanatoa mwanga mzuri wa ubavuni. Mweke mtu akiuelekea, nawe usimame pembeni. Fundi alishasema usimzibie.

Simu hukosea kwenye ngozi nyeusi ikiwa nyuma kuna kitu cheupe: inapunguza mwanga wa picha nzima na uso unapotea. Gusa uso kwenye kioo, ushikilie mpaka kipimo kifunge, kisha telezesha kidole juu au chini kidogo mpaka uone mashavu na si weupe wa ukuta. Kipande cha gunia jeupe la unga, kikishikwa chini ya kidevu nje ya picha, kinarudisha mwanga usoni bila gharama.

Piga picha za mbali chache, za mikono nyingi. Mpiga picha Thandiwe Muriu wa hapa Nairobi ameonyesha dunia kwamba kitambaa chenyewe kinaweza kuwa studio nzima: mvaaji na ukuta nyuma yake wanabeba chapa moja. Usimwige, lakini jifunze kwamba huhitaji ukumbi wa kukodi ili picha iwe na msimamo.

Hatua ya 6: Maneno

Rekodi mazungumzo kwa idhini, kisha uyaandike yote usiku uo huo, ukiacha maneno ya kazi kama yalivyosemwa. Fundi akisema "kufinya" usiandike "kurekebisha vipimo". Akichanganya Kiswahili na Kikamba, acha hivyo, ueleze mara moja tu.

Maelezo ya picha yaseme kile picha haiwezi kusema. Chini ya picha ya wembe ukifumua bitana, hakuna haja ya kuandika "fundi akifumua bitana". Andika kwamba wembe mmoja humtosha makoti manne, au kwamba alijifunza kazi kwa mjomba wake. Kisha uliza swali moja kuhusu mwaka fulani. Yule mwanafunzi aliuliza kuhusu 2020, serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona. Fundi alijibu kwamba miezi ile alishona barakoa, na mkebe haukuongezeka. Sentensi moja, na msomaji ameelewa biashara nzima ya nguo hizi inategemea nini.

Somea mtu maandishi kwa sauti kabla ya kuyapanga. Utakapojikwaa, ndipo pa kufuta.

Hatua ya 7: Kurasa na uchapaji

Kijarida cha A5 ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mbili kwenye mkunjo, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4: 16, 20, 24. Ukifika na kurasa 18 utaongezewa mbili tupu usizozipanga. Tengeneza kielelezo cha mkono kwanza, karatasi chakavu zilizokunjwa, uchore kila ukurasa kwa penseli. Picha inayojaza ukurasa ivuke ukingo kwa milimita 3 kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe, na iwe na nukta 300 kwa inchi. Kwa A5 pamoja na ukingo huo ni karibu nukta 1,820 kwa 2,550, ambayo simu nyingi za sasa zinaifikia bila shida. Usitume picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, zinabanwa. Zitume kama dokumenti.

Kuhusu rangi, nimelipia somo. Mwaka wangu wa kwanza wa kusimamia kijarida cha wanafunzi nilipanga kila kitu kwenye kompyuta iliyowashwa mwanga wote, usiku. Tulichapa nakala 60 kwa mkupuo. Nyuso zikatoka nyeusi tii, macho hayaonekani, na watu waliotukubalia kwa roho safi wakawa vivuli. Kosa lilikuwa langu, na sikuweza kuwapelekea nakala zile. Tangu hapo sichapi bila nakala moja ya jaribio, kwenye karatasi ileile na mashine ileile, na naitazama nje juani. Punguza mwanga wa kioo chako hadi nusu unapopanga, na ung'arishe nyuso zaidi kidogo kuliko unavyodhani zinahitaji. Uliza bei kwa wachapaji watatu mitaa ya River Road, na uweke nusu ya bajeti yako yote hapo.

Ukurasa wa mwisho utaje kila aliyeshiriki na alichofanya, hata aliyekushikia gunia. Picha ya mtu mwingine uliyoiona Instagram usiiweke, hata ukiandika jina lake chini. Hakimiliki ni yake mpaka akupe ruhusa.

Hatua ya 8: Daftari la safari

Watahini wanataka kuona ulivyofikiri. Kila siku ya kazi andika mistari mitatu: nilienda wapi, nini kilinishangaza, nini nimekiacha. Bandika tiketi, vipande vya nyuzi, alama za chaki. Basi.

Hatua ya 9: Irudishe kazi ilikotoka

Panga siku hii kwenye ratiba kabla ya siku ya kuwasilisha chuoni, si baada. Fundi alisoma kijarida akiwa amesimama, miwani ikiwa puani, ukurasa kwa ukurasa. Alisahihisha kitu kimoja: lile koti halikuwa la sufu tupu, lilichanganywa na nailoni, na alijua kwa harufu ya uzi alipouchoma. Mwanafunzi alirekebisha kwa kalamu kwenye nakala zote 30.

Baada ya wiki mbili fundi alimpigia simu. Alikuwa ametundika kijarida kwa kamba juu ya cherehani, kimefunguliwa kwenye ukurasa ulioonyesha mabega ya koti, na wateja walikuwa wakinyoosha kidole na kusema, "Nifanyie kama hili." Ila wengine walikuwa wakikipiga picha waende nacho, na hakikuwa na nambari yake. Nambari iliachwa makusudi, kwa sababu ya faragha. Sasa aliitaka iwekwe, kwa herufi kubwa, nyuma.

Nakala 20 za toleo la pili zilichapwa Ijumaa iliyofuata. Nusu ya gharama aliilipa fundi.